Mlevi Aliyeota Kaburini kwa Siena

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tisa. Hapana, ngoja, nisianze na uongo wakati mengine mengi yako mbele. Ilikuwa elfu mbili na kumi, mwaka wa Kombe la Dunia, kwa sababu nakumbuka asubuhi ile ya Pasaka, bendi ya kanisa ikipiga makaburini, mtu mmoja wa akina Hans alipuliza vuvuzela katikati ya ubeti wa pili, na mchungaji akasubiri imalizike kama anavyosubiri dereva ng'ombe wavuke barabara. Elfu mbili na tisa ni mwaka nilioaibika. Elfu mbili na kumi ndio niliosamehewa, au nusu nilisamehewa. Nitawaachia nyinyi mpime.

Jina langu ni Abner Windvogel, wa hapa Zoarsvlei. Watu wananiita Oom Abner, hata wengine wanaonizidi umri, nadhani kwa sababu nilianza kuonekana mjomba wa kila mtu tangu nikiwa na miaka arobaini. Shule niliiacha darasa la tatu. Mwalimu alimwambia mama kwamba kichwa changu hakina ubaya, ila miguu yangu haikai darasani. Alisema kweli. Nimekata manyoya ya kondoo huko Swellendam, nimefunga seng'enge mpaka Malgas, na miaka thelathini na kitu nimechuma maua milimani, mashada ya kupakiwa kwenye malori kwenda mjini. Sikuoa. Wanawake wawili walinikubali, kwa nyakati tofauti, lakini ilipofika siku ya kwenda kuzungumza na wazazi, mimi nilikuwa nimeshavuka kilima cha pili.

Kazi ya maua ndiyo iliyonitia kiburi. Kwetu heide ni nyingi kuliko watu. Ni vichaka vya mlimani visivyopukutisha majani, kiangazi wala majira ya mvua; majani yenyewe membamba kama sindano za kushonea, na maua yake mengine kama kengele, mengine kama vichupa vidogo. Ziko nyekundu, nyeupe, za njano, za rangi ya waridi, na ziko zinazofanana kama mapacha mpaka uzichungulie mdomoni. Mimi nilikuwa nasema hadharani kwamba hakuna heide nisiyoijua. Nilikuwa naijua kama mchumaji anavyoijua: ikiwa imechanua, nikiwa na mkasi mkononi. Kabla ya hapo na baada ya hapo sikuwa na habari nayo. Hilo sikulisema hadharani, kwa kuwa na mimi nilikuwa silijui.

Mama yetu, Rachel Windvogel, alikuwa na heide yake. Ilikuwa ikiota mahali pamoja tu, juu ya Kilima cha Kunguru nyuma ya kijiji, na ilichanua wakati wa Pasaka. Tuliiita Mlevi, kwa kuwa maua yake yote yaliinamia upande mmoja kama watu wanaotoka sherehe. Mwilini mekundu, midomoni ya kijani, na yalinata. Ukiyashika, inzi akitua kidoleni kwako haondoki. Wanawake wengine hawakuyapenda kwa kunata huko, maana yaliharibu nguo za Pasaka. Mama aliyapenda. Alipokuwa anaumwa kifua, mwaka hamsini na tisa, alituita mimi na dada yangu Hester akasema: "Msiniwekee maua ya karatasi. Na hizo protea zenu kubwa kama kofia za harusi sizitaki. Niwekeeni Mlevi. Kama hayupo, niacheni na mchanga wangu."

Kwetu Jumamosi ya kabla ya Pasaka kijiji kizima kinapanda makaburini. Tunang'oa kila kilichoota, tunamwaga mchanga mweupe mpya, halafu tunaweka maua, ili Jumapili alfajiri bendi ikija kupiga, wafu wetu wawe wamependeza kuliko sisi. Na katika makaburi hayo hakuna mambo ya ukoo. Wanaume kushoto, wanawake kulia, na kila mtu analazwa kwa zamu yake ya kufa, kama foleni ya dukani. Hakuna kuchagua jirani. Ndiyo maana mama yetu amelala bega kwa bega na Siena Koert.

Siena alikuwa jirani yetu hata alipokuwa hai, na kwa miaka kumi na miwili hawakusemezana na mama. Ugomvi ulikuwa wa chungu. Mama aliazima chungu cha chuma cha miguu mitatu cha Siena, akapika sabuni, akakirudisha. Siena akasema kimerudi na ufa. Mama akasema, "Ufa ni wako, ulikuja nao." Basi. Kuanzia hapo, wakikutana njiani, mmoja alikuwa akiutazama mlima na mwingine akiitazama bahari, ingawa bahari haionekani kutoka kwetu. Mama akafa mwezi wa saba. Siena akafa siku tisa baadaye, na katikati yao hakufa mwanamke mwingine hata mmoja wa kuwatenganisha. Watu walisema Siena kafuata kwenda kumalizia neno lake.

Wakati chungu kinapasuka mimi nilikuwa na miaka tisa. Nitarudi kwenye chungu hicho. Kwa sasa bado sina ujasiri.

Hester, aliyenizidi miaka kumi, aliyeniita Appie na kunitunza baada ya mama kufa, alipanda Kilima cha Kunguru kila Pasaka akachuma Mlevi. Halafu, mwaka sabini au sabini na moja, mwenye shamba jirani akakilima kilima kile akapanda shayiri. Mlevi akaisha. Tukatafuta, hayupo. Tangu hapo kaburi la mama likabaki na mchanga mtupu. Kila Pasaka, katika safu nzima ya wanawake iliyojaa rangi, moja tu jeupe, tupu, kama jino lililong'oka. Wageni walidhani ni la mtu asiye na watoto. Hester alikuwa akiwasikia wakisema hivyo. Hata hivyo hakukubali kuweka ua jingine, hata moja.

"Mama alisema mchanga," alikuwa akiniambia. "Lakini sitaki kuingia foleni ile mimi mwenyewe kabla sijamwona amepambwa. Nitamwambia nini? Kwamba tulikuwa na shughuli?"

Mwaka elfu mbili na tatu kifua chake kikaanza kukoroma kama cha mama. Katika chai ya Pasaka, mkate mtamu mkononi na watu wote wakisikia, nikasimama. Sijui ni nini hunisimamisha. Nikasema: "Hester, kabla hujafa nitakuletea Mlevi, mzima, na mizizi yake."

Watu wakapiga makofi. Magrieta Koert, mjukuu wa Siena, mwanamke mpana anayepiga lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi na ndiye mwenyekiti wa kamati ya makaburi, akasema akiwa na kikombe mdomoni: "Antie Hester, furahi. Oom Abner akikuahidi kitu kabla hujafa, ujue utaishi milele."

Wakacheka. Mimi nilicheka zaidi yao, ili wasione.

Nikaanza kutembea. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko ujuzi wangu. Kila niliporudi na kichaka, Hester alikuwa jikoni, na alikikagua kama afisa wa mpakani. Nakumbuka Ijumaa Kuu moja ameandaa samaki wake wa siki na kari, nikaweka tawi kando ya bakuli.

"Huyu hapa."

Akalivuta karibu na macho. "Hesabu majani yanayozunguka shina."

"Matatu."

"Mlevi ana manne. Lile lingine?"

Nikatoa la pili.

"Hili linatoa ulimi nje." Kweli, vile vijiti vya ndani ya ua vilikuwa vimechungulia nje ya mdomo. "Mlevi wa mama hakuwa na tabia hiyo. Alifunga mdomo. Ungejifunza kwake."

La tatu akalibana kwa vidole, akaviachanisha. "Halinati. Appie, umelitoa wapi, mtaroni barabarani?"

Nilikuwa nimelitoa mtaroni barabarani.

"Kaa ule samaki," akasema. "Na ondoa matawi yako kwenye mkate."

Kama nilikuwa mbaya wa kutambua, wa kuotesha nilikuwa muuaji. Nilifikiri, ngoja nijifunze kukuza heide yoyote kwanza, ili Mlevi akipatikana mikono iwe imezoea. Nikang'oa vichaka mlimani, nikavipanda katika makopo ya rangi mbele ya nyumba, nikavipa mbolea ya kuku. Mbolea ya nguvu, ya banda la Magrieta mwenyewe. Vikawa vya kahawia ndani ya wiki mbili. Nikaona njaa bado, nikaongeza mbolea. Vingine nikavimwagia maji saa sita mchana jua likiwa kichwani, kwa huruma. Vikafa kwa huruma. Watu wakipita wakawa wananiuliza, "Oom Abner, leo nani amefariki?" Na mimi nawatajia.

Halafu ukaja moto. Januari ya elfu mbili na sita, upepo wa kusini-mashariki, milima yote ikaungua siku nne. Nyumba zilipona, kanisa likapona, lakini makaburi yaliungua kutoka ukuta mpaka ukuta, yakabaki meusi na mawe yake kama meno katika kinywa cha mvuta tumbaku. Hester alilia. Nilidhani analilia makaburi, kumbe analilia kilima. "Kama palikuwa na mzizi mmoja umesalia popote," alisema, "sasa umekwisha."

Kamati ikanipa kazi ya kung'oa magugu, kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa na kazi. Nikaifanya kwa moyo, niseme ukweli. Pasaka ya elfu mbili na saba nilikuta magugu ya ajabu kwenye kaburi la mama. Makaburi mengine yalikuwa na nyasi za kawaida. La mama lilifunikwa na vitu vidogo vya kijani, laini, urefu wa pingili ya kidole, vimesongamana kama nywele za mtoto mchanga. Nikapiga magoti nikang'oa ndoo mbili. Nikamwaga juu yake mchanga mweupe, safi, nikarudi kwa Hester kama mtu aliyerudi vitani.

"Sijui kaburi la mama lina rutuba gani," nikamwambia. "Magugu yanalipenda!"

"Umeyatoa yote?"

"Na mizizi yake."

"Mungu akubariki, Appie. Mama alikuwa msafi."

Mwaka uliofuata, ndoo moja. Mwaka elfu mbili na tisa, nusu ndoo. Nilijisifu kwamba nayashinda.

Septemba ya mwaka huo nikasikia kwamba barabara ya Napier kuna kitalu cha miche ya mlimani, na kwamba msimamizi wake, mama mmoja aitwaye Berenice, anaweza kukutajia heide kwa jani tu. Nikaomba lifti katika gari la maziwa. Nikamkuta amevaa gauni la kazi na miwani miwili, mmoja usoni na kioo kidogo cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Nikamweleza habari za Mlevi. Aliandika kila kitu: majani manne, kunata, midomo ya kijani, Pasaka.

"Na Oom umejaribu kuotesha heide kabla?"

Nikamweleza na hayo. Nilipofika kwenye mbolea ya kuku akaweka kalamu chini.

"Oom, heide ni mtu aliyezaliwa kwenye njaa. Ukimlisha unamuua. Mpe mchanga mchungu wa kilimani kwao, mpe maji asubuhi kidogo, na usimguse mizizi. Akishakaa mahali, muache hapo hapo. Na mbegu zake hazioti bila moshi."

"Bila moshi?"

Akanionyesha pipa wanamochoma majani makavu na bomba linalopeleka moshi juu ya trei za mchanga. "Zinalala ardhini miaka ishirini, thelathini, hata zaidi. Siku zikinusa moto, zinaamka. Njoo uone za mwaka huu."

Nikainama kwenye trei. Ndani yake kulikuwa na vitu vidogo vya kijani, laini, urefu wa pingili ya kidole, vimesongamana kama nywele za mtoto mchanga.

"Haya magugu ungeyang'oa mapema," nikamwambia kwa wema, fundi kwa fundi. "Yakizoea mahali yanasumbua. Mimi nimepambana nayo miaka mitatu."

Berenice akanitazama kupitia miwani ya usoni. "Oom, hiyo ndiyo heide. Ina miezi sita."

Sijui kama mmewahi kusimama mahali mkasikia mikono yenu inakuwa ya mtu mwingine. Niliitazama mikono yangu. Ndoo mbili. Ndoo moja. Nusu ndoo. Kwa miaka kumi na miwili baada ya mama kufa, kila Pasaka, Hester aliweka shada la Mlevi juu ya kaburi lile, likakauka pale pale, likamwaga mbegu zake katika mchanga. Zikalala. Moto ukaja ukaziamsha. Zikatoka kwa mamia, juu ya kifua cha mama mwenyewe, mahali alipozitaka. Na mimi, mtaalamu, niliyekuwa nikizitafuta mpaka mtaroni, nikapiga magoti nikazing'oa. Na nikashukuriwa.

"Oom, kaa chini," Berenice akasema. "Nikuletee maji?"

"Asubuhi kidogo tu," nikasema. Sikuwa natania.

Sikungoja lifti. Nilitembea kilomita kumi na nne na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijua ninakokwenda. Nilifika makaburini jua likiwa bado juu, nikatambaa kwenye kaburi la mama kwa magoti, nikipekua mchanga kwa vidole. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimefanya kazi safi. Katika maisha yangu yote kazi moja tu nimeimaliza kikamilifu, na ilikuwa hiyo.

Nikajishika kwenye jiwe la jirani ili nisimame, kwa sababu ya mgongo. Ndipo nilipokiona. Nyuma ya jiwe la Siena Koert, katika nafasi nyembamba kati yake na safu ya nyuma, kilikuwa kimesimama kichaka kinachofika gotini. Nikahesabu majani yanayozunguka shina. Nikahesabu tena kwa kuwa hesabu sijaisomea sana. Manne.

Sasa niseme kwa nini kilipona. Kwanza, nyuma ya jiwe lile mtu lazima achuchumae, na mimi miaka mitatu nilikuwa nasema nitachuchumaa kesho. Pili, sikupenda kukaa sana karibu na kaburi la Siena. Kwa hiyo kilichookoka, kiliokolewa na uvivu wangu na dhamiri yangu mbaya. Bidii yangu ndiyo iliyoua vingine vyote.

"Oom Abner, unatafuta nini kwa bibi yangu?"

Alikuwa Magrieta, na ndoo ya mchanga mkononi. Nikataka kuzuia asione. Lakini mtu mwembamba hawezi kuficha kichaka. Akachungulia nyuma ya jiwe, na uso wake ukabadilika.

"Hiki nini? Mti? Kaburi la bibi yangu lina mti? Nyinyi akina Windvogel kaburi lenu linang'aa kama sahani, halafu bibi yangu anaachiwa msitu?"

"Magrieta, nisikilize."

"Nikusikilize nini! Nimekupa kazi, umeng'oa kote, umeruka hapa tu! Mpaka leo mnaendelea na habari za kile chungu?" Akaweka ndoo chini, akakamata shina.

Nikapiga kelele. Nasikia kuwa walinisikia mpaka kwenye duka la mkate. "Usikiguse! Ni Mlevi!"

Akanikodolea macho, mkono bado kwenye shina. Ikanibidi niseme yote, pale pale, mwanaume mzima: kwamba niliruka nyuma ya jiwe kwa uvivu, kwamba miaka mitatu nimekuwa nikimng'oa Mlevi kwenye kaburi la mama na kupokea baraka, kwamba nimejua leo tu, kwenye trei ya mtu mwingine. Magrieta alianza kucheka katikati ya maelezo. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo yake. Mpiga tarumbeta kubwa ana pumzi nyingi.

"Ndoo mbili!" akasema, akijifuta macho. "Na mizizi yake! Ulituahidi na mizizi yake, Oom, hatuwezi kukulaumu."

Nilipomaliza kuaibika nikamwomba asikiondoe, ingawa sheria ya kamati inasema kaburini hapaoti kitu, wafu wote sawa. Akafikiri.

"Kitabaki," akasema. "Lakini kimeota kwa bibi yangu, ni cha bibi yangu. Kikichanua, tawi la kwanza ni lake. La pili nitamkatia mama yenu mimi mwenyewe, kwa mkasi wangu. Na mkono wako, Oom, usifike hapa."

"Sawa."

"Hata mbolea."

"Hata mbolea."

Kesho yake kulikuwa na kibao pale, maandishi ya rangi nyekundu: USING'OE. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: ABNER, HASA WEWE.

Kutofanya kitu ni kazi niliyoizoea maisha yangu yote, lakini safari ile ilinishinda. Kuanzia Oktoba hadi Machi nilikuwa napanda makaburini kila asubuhi nikisimama mbali, mikono mfukoni, kama mtu aliyeitwa polisi. Hester nilimwambia, na habari ya ndoo nilimwambia pia. Hakucheka wala hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu.

"Mbele ya jiwe la Siena, au nyuma?"

"Nyuma."

Akaendelea kukanda unga wake. Wakati ule sikuona ajabu.

Kifua chake kilizidi kiangazi kile. Alikuwa akilala ameketi. Mwezi wa pili vikatokea vichipukizi vya maua, vigumu, vya kijani, na mimi nikawa nahesabu siku za ua na pumzi za dada yangu kwa pamoja, nikiomba vyote viwili vifike. Berenice alikuja na kioo chake, akachungulia, akaondoka na vipandikizi kumi na saba katika kitambaa kibichi. Sita vikashika mizizi kitaluni kwake. Jina la kitabuni hakulitaja. Alisema atalitaja akiwa na hakika, nikamheshimu kwa hilo. Mimi ningekuwa nimeshataja matatu.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka, Hester alipandishwa makaburini kwenye kiti, wanaume wawili wakikibeba, naye akiwasema kwa kutikisa. Watu waliacha mchanga wao wakaja kusimama. Kichaka kilikuwa kimechanua, maua yote yameinama upande mmoja.

Magrieta akakata matawi mawili. La kwanza akaliweka mbele ya jiwe la bibi yake. La pili akampa Hester mkononi.

Hester hakulitazama, macho yalikuwa yamechoka. Alipitisha kidole kwenye shina akihesabu kimya: nne. Akagusa mdomo wa ua, kama umefungwa. Akabana ua kwa vidole viwili na kuviachanisha polepole, vikagoma. Hapo ndipo uso wake ulipovunjika.

"Huyu ndiye," akasema.

Akashuka kitini mwenyewe. Aliliweka kwenye mchanga wa mama, akalisogeza kidogo kushoto, akalirudisha kulia. Miaka thelathini na tisa, na sasa safu ile haikuwa na pengo. Kisha akafuta mikono yake iliyonata kwenye koti langu la Pasaka.

Jumapili alfajiri bendi ilipiga, vuvuzela ikalia, mchungaji akasubiri. Hester alikataa kiti wakati wa kurudi. Tulitembea sisi wawili, yeye amenishika mkono, hatua tano na kupumzika. Na mimi, labda kwa sababu ya nyimbo, nikaona ujasiri umefika.

"Hester," nikasema, "kile chungu cha Siena. Ni mimi. Mama alinituma nikirudishe, nikakibingirisha mteremko wote badala ya kukibeba. Kiligonga jiwe. Nikakiweka mlangoni kwake nikakimbia. Mama hakujua. Siena hakujua. Miaka kumi na miwili."

Hatua tano. Akapumzika.

"Inua miguu," akasema. "Unanitimulia vumbi."

"Ulikuwa unajua?"

"Samaki amebaki wa watu wangapi?" akasema. Na baada ya hapo ilikuwa habari ya samaki mpaka nyumbani.

Aliishi mpaka mwaka wa pili baada ya hapo, akaona Pasaka mbili zaidi, mama akiwa amepambwa zote mbili. Sasa yuko kwenye foleni, mwisho wa safu ya nne, na Magrieta, ambaye siku hizi ananiruhusu kushika mkasi, humkatia tawi la tatu. Mimi napalilia bado. Nachuchumaa kila mahali.

Na kila nikifika nyuma ya jiwe la Siena nasimama kidogo. Berenice aliniambia kwamba heide huota pale shada lilipokaukia. Baada ya mama kufa hakuna aliyekuwa akichuma Mlevi isipokuwa mtu mmoja. Basi mtu huyo, kila Pasaka, kabla kijiji hakijapanda, alikuwa akificha shada la pili mahali ambapo akina Koert wasingeliona wala mama asingeliona. Nikitoka hapo naenda safu ya nne, naweka tawi, nasogeza kushoto, narudisha kulia, halafu nauliza kama ninavyouliza kila mwaka: Hester, yale maua uliyomfichia Siena, uliyaweka kwa niaba ya mama, au kwa niaba yangu?